Pikipiki Iliyofika Saa Nne Kamili

Mliponiaga pale ofisini mwaka jana mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike machache kuhusu kazi yetu ilivyokuwa zamani. Saa nimeitundika sebuleni juu ya redio na inatembea vizuri. Maandishi ndiyo yamechelewa, kwanza kwa sababu nilidhani sina haraka, na pili kwa sababu mke wangu amegundua kwamba mtu aliyestaafu anaweza kuchuma chai kila siku ya Mungu. Lakini wiki hii nimepata sababu ya kuharakisha. Sababu yenyewe nitaisema mwishoni, mkiwa mmeshanisikiliza.

Msitafute humu habari za vyeo na mishahara. Wenzangu waliopandishwa walipandishwa, mimi nilipandisha ng'ombe, na sijutii. Nitawaeleza habari za pikipiki mbili, fundi mmoja, na mama mmoja wa ng'ambo ya mto ambaye nusura nimpotezee ng'ombe wake kwa kosa la kufika kazini kwa wakati.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya sitini kule Nyacheki, nikiwa na suruali moja nzuri. Ilikoma kuwa nzuri siku hiyo hiyo. Aliyenifundisha alikuwa mzee Onsongo, mtu mfupi, mkavu, ambaye alikuwa akipandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, bila dume, tangu wakati watu walipokuwa bado wanaicheka kazi hiyo. Walimwuliza mbele za watu dume mwenyewe amemficha wapi. Onsongo aliinua kichupa cha mbegu akawaambia, "Yumo humu, na leo hana hamu ya kupigana." Kisha akaendelea kujipaka sabuni mkono mzima hadi juu ya kiwiko, bila kutabasamu. Mimi niliambiwa nifanye vivyo hivyo, na ng'ombe wangu wa kwanza alinikaribisha kwa njia ambayo ninyi mnaijua.

Mzee Onsongo alikuwa na utaratibu ambao hakukubali uvunjwe. Fika, zima injini, salimia watu wote, ndipo ufungue themosi ya mbegu. Nilidhani ni adabu za kizee tu. Siku moja niliruka maamkizi nikaanza kazi, na watu waliokuwa pale wakatawanyika kama waliomwagiwa maji ya moto. Onsongo alinivuta kando. Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe wana ensoni, ile haya ya heshima, na hawawezi kusimama pamoja mahali ng'ombe anapopandishwa, wala kusikia jambo hilo likitajwa mwingine akiwepo. Ukizima injini na kusalimia polepole, mmoja wao anapata nafasi ya kukumbuka kwamba ana shughuli kwingine. Nimeona wazee wengi wakikumbuka ghafla kwamba hawajafunga lango.

Likumbukeni hilo la ensoni, kwa sababu ndilo lililofanya kazi yetu iendeshwe kimya kimya. Mwanamke hawezi kusimama kwenye kilima chake akapaza sauti kwamba ng'ombe wake anataka dume. Nani anasikiliza kilima cha pili? Baba mkwe. Basi watu walituangalia na kutusikiliza tu, wakamleta ng'ombe bila kusema neno.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Kisii mjini, nikapewa barabara ya kupitia Birongo na Nyamira hadi Ekerenyo. Kila baada ya maili chache kulikuwa na krashi, ule mlango mwembamba wa magogo ambamo ng'ombe huingia asiweze kugeuka, na kwenye kila krashi kulikuwa na kibao kilichoandikwa saa yangu ya kufika. Pamoja na barabara nilipewa pikipiki ya kwanza.

Ilikuwa mashine nzito ya Kiingereza, nyeusi, pana, ya chini, iliyoachwa na afisa mmoja aliyerudi kwao. Kiti chake kilikuwa na springi. Usukani wake ulikuja nyuma mpaka karibu na kifua, na miguu ilikaa mbele, hivi kwamba mtu aliendesha akiwa amekaa wima kama mwenyekiti wa mkutano. Nilishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikasalimia dunia nzima. "Bwakire!" kushoto, "Bwakire!" kulia. Nilijua nani amejifungua, nani ameezeka mabati, na pareto ya nani imeshikwa na ugonjwa, yote hayo bila kushuka.

Lakini kwenye mlima haikuwa na haraka na mtu. Injini ilipiga du, du, du, kwa nafasi, ungeweza kutia neno katikati ya mpigo na mpigo. Sauti hiyo ilivuka vilima viwili. Kibao cha krashi ya pale darajani, kati ya Nyamira na Ekerenyo, kilisema saa nne. Mimi nilifika saa tano, kila siku, kwa miaka, na hakuna aliyelalamika. Nilijiona mtu mwenye bahati kupata wakulima wavumilivu.

Krashi hiyo ya darajani ndiyo iliyokuwa ya Mama Bosibori. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache, na boma lake lilikuwa juu ng'ambo ya mto. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maana, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, wa damu ya gredi, yaani mchanganyiko wa kizungu. Ng'ombe huyo alikuja akiwa bado mtamba, kwa mahari ya binti yake Bosibori. Nanyi mnajua desturi yetu: ng'ombe aliyeletwa na dada ndiye anayemwolea kaka yake mke. Kijana wa Mama Bosibori alikuwa ameshapata mchumba upande wa Birongo. Wakwe walikuwa wanangoja jambo moja, kuona kama ng'ombe huyo anazaa. Hakuna anayepokea ng'ombe tasa akamtoa binti yake.

Sasa njooni kwenye pikipiki ya pili. Tatizo lilikuwa barafu. Siku hizo mbegu zilikaa kwenye themosi yenye vipande vya barafu, na kufikia Ekerenyo, kituo cha mwisho, nilikuwa nabeba maji. Ng'ombe wa huko walirudi kwenye joto, yaani walitaka dume tena, mara tatu, mara nne. Mkubwa wangu alichoka kusoma ripoti hizo, na mwanzoni mwa miaka ya sabini akaniita uani akanionyesha mashine mpya kutoka Japani.

Nilipoiona niliinama kuitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani. Ilikuwa nyembamba, ndefu kwa miguu, tangi lake jekundu. Usukani ulikuwa mfupi na wa chini, na pa kukanyagia palikuwa nyuma. Ukipanda, kifua kinalala juu ya tangi, makalio yanainuka, magoti yanabana, na macho yanatazama hatua kumi mbele, basi. Nilizunguka nayo uani mara moja. Karani mmoja, Mungu amrehemu, aliniuliza kama nimeangusha kitu chini.

Nikaipeleka kwa fundi Ochieng. Ochieng alitoka upande wa ziwa, akafungua gereji nyuma ya soko la Kisii, na pikipiki ya Kiingereza alikuwa akiitunza yeye tangu nilipokabidhiwa. Kati yetu tuliongea Kiswahili, chake cha ziwani na changu cha milimani, na tukaelewana vizuri kuliko watu wengi wa lugha moja. Aliizunguka mashine ile, akaipiga kiki, akasikiliza. Ililia kwa sauti nyembamba, iiiii, kama nyuki kwenye debe.

"Daktari," akasema. Watu wote waliniita Daktari, na nilikuwa nimeacha kukataa. "Umeona hii gia iko wapi?"

"Mguuni."

"Mguu gani?"

Hapo ndipo nilipotazama. Ile ya Kiingereza gia yake ilikuwa mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Hii ya Kijapani ilikuwa kinyume, gia kushoto, breki kulia.

"Hii itakuua wewe," Ochieng akasema kwa upole. "Ile ingine ilikuwa kiti ya sebule. Hii ni farasi. Na mguu yako bado iko sebuleni."

Nilimwambia nimeendesha miaka mingi na sihitaji mafundisho. Kesho yake, kwenye mteremko wa kuingia Birongo, nilitaka kupunguza mwendo. Mguu wa kushoto ukakanyaga kwa nguvu, kwa moyo wote, nao ukakanyaga gia. Mashine ikaruka nikaingia kwenye ndizi za akina mama waliokuwa wamezipanga kando ya barabara. Hakuna aliyeumia, isipokuwa ndizi na heshima yangu. Mama mmoja aliniinua, akanipangusa tope mgongoni, akaniuliza kwa huruma ya kweli kama pikipiki nyingine ilikufa.

Nilirudi kwa Ochieng nikiwa mpole. Hakucheka. Aliokota kokoto akaniambia niiweke ndani ya kiatu cha kulia.

"Mguu yenye inauma ndiyo ya breki," akasema. "Siku utasahau kokoto, toa."

Ninyi mnaosoma vitabu vya mafunzo, andikeni hiyo pembeni. Nilichechemea mwezi mzima, na mwezi mzima sikuanguka tena. Alinifundisha pia kuegemeza mwili kwenye kona badala ya kupigana na usukani, kuacha injini ilie kwa sauti ya juu bila kuihurumia, na kubana tangi kwa magoti ili mikono ipumzike. Siku nilipotoa ile kokoto, nilikuwa dereva mwingine kabisa. Na niseme ukweli, niliipenda mashine ile. Milima iliyokuwa ikinila nusu saa niliipanda kwa dakika chache. Nilifika Ekerenyo barafu ikigongana ndani ya themosi. Ng'ombe wa Ekerenyo wakaanza kushika mimba, na mkubwa wangu akaanza kunitaja kwenye mikutano.

Pale darajani nilifika saa nne kamili, kama kibao kilivyosema. Nilikuta krashi tupu, siku baada ya siku. Niliandika kwenye kitabu, "Hakuna ng'ombe," nikaendelea. Nilifikiri watu wa darajani wamekuwa wavivu. Wao nao walifikiri mimi nimekuwa na majivuno, kwa sababu kwenye pikipiki ile huwezi kuachia mkono, na mtu anayepita watu bila kuwasalimia kwetu ana jina lake.

Asubuhi moja nilimkuta Mama Bosibori amekaa kwenye gogo la krashi. Alikuwa peke yake, bila ng'ombe. Nilizima injini nikamsalimia. Aliitika, kisha akasema kwa Kikisii chetu, maneno laini na makali pamoja.

"Daktari, nimekuja kujua tumekukosea nini."

"Hamjanikosea kitu, Mama."

"Ng'ombe wangu alikuwa tayari wiki nne zilizopita. Nikakungoja. Akawa tayari tena wiki iliyopita. Nikakungoja. Hukuja."

Nilifungua kitabu nikamwonyesha, ingawa hakujua kusoma. "Nilikuja siku zote, Mama. Saa nne. Iko pale kwenye kibao."

"Mimi sina saa," akasema. "Nilikuwa na ile pikipiki yako."

Akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutazama viatu vyangu. Ile ya Kiingereza ilipoanza kupanda mlima wa mwisho, yeye kule juu aliisikia. Hapo alimfungua ng'ombe, akateremka naye, akavuka mto, na alipofika krashi mimi nilikuwa ndiyo nazima injini. Wote wa upande ule walifanya hivyo. Hakuna aliyejua kibao kinasema nini. Sauti yangu na kuchelewa kwangu ndivyo vilivyokuwa saa yao. Hii mpya ilipita ikilia kama mdudu, naye hata hakuigeuzia kichwa.

"Basi si ungekuja mapema ungoje hapa?" nikauliza, nikitafuta pa kutokea.

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto wa mjini. "Mara ya pili nilikuja mapema. Dume la jirani lilitufuata mpaka mtoni. Nilirudi naye mbio, nimeshika fimbo."

Nilistahili jibu hilo. Ng'ombe mwenye joto hafungwi barabarani. Madume ya kienyeji yanakuja kutoka kila kichaka, na kazi yote ya damu nzuri inaharibika kwa dakika moja. Lazima ng'ombe na mpandishaji wafike pamoja. Mimi, mtaalamu, nilikuwa nimesahau.

Kisha akasema lililomleta. Shemeji yake Nyakundi, ndugu wa marehemu mumewe, ndiye aliyesimamia mambo ya ndoa ya kijana. Nyakundi alikuwa amesema ng'ombe huyo ni tasa. Hawatakwenda kuaibika kwa wakwe. Akipita joto la tatu lijalo bila kupandishwa, anampeleka sokoni Ekerenyo, wachinjaji wamnunue. "Na mchumba wa kijana wangu," akasema, "hatangoja mwaka mwingine. Wapo wenye ng'ombe wanaozaa."

Nilimwambia nitamletea honi kubwa niwe napiga darajani. Akasema kila lori linapiga honi kwenye daraja lile. Nikafikiri. Boma lake lilionekana vizuri kutoka darajani, na juu ya boma kulikuwa na mkaratusi mmoja mrefu. Tukakubaliana. Siku ng'ombe atakapokuwa tayari, afunge leso yake nyekundu kwenye mti ule. Mimi nikifika darajani nitatazama, nikiiona nitazima injini na kumngoja ateremke. Hapakuwa na haja ya mtu kusema neno lolote la haya.

"Utatazama?" akaniuliza.

"Mama, hiyo ni kazi ndogo," nikasema. Nilikuwa na uhakika sana.

Siku ya kumi na tisa tangu joto lile la pili nilitazama. Siku ya ishirini nilitazama. Hapakuwa na leso. Siku ya ishirini na moja mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa uji mwekundu. Niliingia darajani nimelala juu ya tangi, nimebana magoti, macho kwenye tope hatua kumi mbele, nikijisifu moyoni kwa jinsi mashine ilivyokuwa ikinitii. Krashi ilikuwa tupu. Niliandika, "Hakuna ng'ombe." Nikaenda zangu.

Ilikuwa siku ya soko Ekerenyo. Nilipandisha ng'ombe wanne, nikabaki na kichupa kimoja. Nilipomaliza, kiuno kiliniuma, nikasimama nikajinyoosha. Nikainua macho. Kwenye ua wa nyumba moja kilimani, mwanamke alikuwa akianika leso.

Sitaficha, niliogopa. Nilijua hakika, bila kuona, kwamba ile nyekundu ilikuwa mtini asubuhi hiyo na mimi nilipita chini yake kichwa nimeinamisha. Nilifungua themosi. Vipande viwili vya barafu vilikuwa bado vinaelea. Nikapiga kiki nikageuza.

Sijawahi kuendesha vile tena na siwashauri. Lakini semeni mtakavyo, ile ya Kiingereza isingeweza. Nililala kwenye kona kama Ochieng alivyonifundisha, kushoto, kulia, injini ikilia juu kabisa. Watu wa soko walijaa barabarani na mizigo yao, wakanipisha. Kwenye kona ya tatu kabla ya daraja, katikati ya barabara, kulikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji.

Mguu wa kulia ulikanyaga. Sikuuamuru mimi, wala kokoto haikuwamo. Mashine iliteleza, ikayumba, ikasimama, na pua ya ng'ombe ilikuwa juu ya taa ya mbele.

Kamba ilishikwa na Nyakundi, mtu mnene mwenye koti la Jumapili. Nyuma yake, hatua kama hamsini, alikuja Mama Bosibori, leso nyekundu ameikunja mkononi. Alikuwa ameitoa mtini. Nilipoiona niliona aibu ambayo sijaisahau.

Nilizima injini. Nilishuka, nikavua kofia, nikasalimia watu wote mmoja mmoja, kama mzee Onsongo alivyotaka, na watu wa soko wakaanza kusimama kutazama.

"Tupishe, Daktari," Nyakundi akasema. "Tumekungoja kutwa mbili na leo ya tatu. Ng'ombe huyu ni tasa."

"Si tasa, Baba. Hajapandishwa hata mara moja tangu nipewe pikipiki hii. Nimempita mara tatu."

"Wewe ndiye umempita?"

"Mimi. Mama alifanya yote tuliyokubaliana. Leo nimepita chini ya leso yake bila kuinua kichwa. Kosa ni langu."

Alinichunguza. Watu walinong'ona. Nadhani hawakuwa wamewahi kusikia mtu mwenye beji ya serikali akisema hivyo barabarani, na mimi sikuwa nimewahi kusema.

"Kumbe serikali nayo hukosea," akasema.

"Serikali haikukosea. Hata kibao hakikukosea. Ni mimi." Nikamwonyesha kichupa. "Kimebaki hiki kimoja, na barafu inaisha. Nipe wiki tatu. Akirudi kwenye joto, nitamkokota mwenyewe mpaka sokoni, kwa miguu, na beji hii kifuani, watu wote wanione."

Nyakundi alitazama sokoni, akatazama ng'ombe, mwisho akageuka akamtazama shemeji yake aliyesimama mbali. Mama Bosibori alikuwa akimtazama tu, leso mkononi.

"Nishike wapi?" Nyakundi akauliza.

Nikawaomba wazee watangulie sokoni. Hawakuhitaji maelezo. Waliondoka kwa haraka, kila mmoja akivutiwa na milima ya upande wake. Hatukuwa na krashi, tulimfunga kwenye mkaratusi wa kando ya barabara, na Nyakundi, koti lake la Jumapili na yote, alishika mkia. Nilijipaka sabuni. Nilifanya kazi polepole, kama siku ya mtihani.

Nyakundi alimrudisha ng'ombe nyumbani. Tangu siku iliyofuata nilisimama darajani kila asubuhi, nikazima injini, nikaunyoosha mgongo na kuutazama mti ule. Siku ya ishirini. Ya ishirini na moja, nilisimama mpaka mwenye lori nyuma yangu akanitukana. Ya ishirini na mbili. Ya ishirini na tano. Mti ulikuwa mtupu. Hakuna kitu nilichowahi kufurahia kutokukiona kama leso ile.

Ng'ombe yule alizaa ndama jike, mwekundu. Nyakundi, ambaye sasa alikuwa akisimulia kisa chote kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha, alimwita Breki. Wakwe wa Birongo walikuja, wakaona, wakampokea mama yake, na kijana akaoa. Breki alibaki bomani kwa Mama Bosibori.

Mimi nikaendelea kufika darajani saa nne na kungoja, nikisalimia watu, mpaka saa tano. Mkubwa wangu aliandika kuuliza inakuwaje pikipiki yenye kasi mara mbili inamaliza barabara kwa saa zile zile. Nilimjibu kwamba pikipiki ni mpya lakini ng'ombe ni wale wale, na kwamba kasi yake naitumia kupata muda wa kungoja. Hakuandika tena. Ng'ombe walioshika mimba barabara ile walinijibia.

Sasa ile sababu ya kuharakisha. Mlipokwisha kuniaga, Bosibori mwenyewe, ambaye leo ni bibi mwenye wajukuu, alikuja hapa kwangu akikokota mtamba mwekundu, wa uzao wa Breki. Mama yake bado yu hai, macho yamepungua, lakini alituma maneno. "Mwambie Daktari ameshamaliza kupita," alisema. "Sasa na yeye asikilize."

Basi Jumanne iliyopita mtamba wangu alikuwa tayari. Boma langu liko juu ya barabara, na kuna dume la jirani, hivyo nilimfunga ndani nikasikiliza. Nilisikia kitu kama mdudu. Nilipofika krashi nikiwa nimemshika kamba, vumbi lako lilikuwa bado halijatua. Wewe uliyepewa barabara yangu unajijua, nami sitakutaja jina. Niliporudi nyumbani niliitazama saa mliyonipa. Hukukosea hata dakika.

Atarudi kwenye joto Jumanne ya wiki ya tatu, au siku moja kabla, au moja baada. Mke wangu amekubali kutoa leso yake nyekundu, na nitaifunga kwenye mti mrefu ulio juu ya nyumba yetu. Ukifika kwenye kona ile, kijana wangu, zima injini, nyoosha mgongo, uinue macho.